Kofia Iliyotundikwa Chini ya Sheria

Tarehe kumi na sita Novemba mwaka jana, siku ya Jumapili, tulimpoteza Gérard ndani ya pango lililojaa maji, kusini mwa nchi hii. Alikuwa mkubwa wangu wa kazi, ndiye aliyenifundisha mashine, na katika klabu nzima ya wapiga mbizi yeye peke yake ndiye aliyenisalimia asubuhi kwa Kiswahili.

Mimi nimestaafu mwezi uliopita. Patient na Aline, ninyi mnaobaki na kompresa ya kujaza mitungi hewa pale Koekelberg, hapa Brussels, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Naandika kwa Kiswahili cha shuleni, kwa kuwa Kifaransa changu kinatosha kuagiza vichujio na kugombana na wenye magari, lakini hakitoshi kueleza msiba. Wale waliosema Kifaransa na Kiholanzi nimewatafsiri. Mishahara na vyeo nitaviacha. Mshahara mtauona wenyewe, na cheo changu kilikuwa kimoja tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: "Madame wa hewa."

Kabla ya hapo nilikuwa nasafisha ofisi karibu na Schuman, penye ofisi za Ulaya, kwenye ghorofa ambamo watu huandika sheria za kulinda mgongo wa mfanyakazi anayeinama. Niliinama pale miaka kadhaa. Gérard nilikutana naye parokiani. Alikuwa amefundisha ufundi wa mashine Bukavu akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu kabisa. Alinisikia nje ya kanisa nikimkemea mwanangu, akacheka, akanisogelea.

"Maman, unaogopa kelele?"

"Kelele ya nini, Papa?"

"Ya mashine."

"Nimezaa watoto wanne, Papa."

"Bon. Njoo lundi."

Jumatatu hiyo nikaenda. Mnapajua mahali: ile gereji ya zamani nyuma ya nyumba za mstari, ambayo ukifungua lango unaona kuba la basilika limekaa kama sufuria iliyofunikwa. Siku hizo kompresa ilikuwa ya zamani zaidi. Alipoiwasha nilidhani inapasuka, nikatoka nje nikiwa na mkoba wangu mkononi. Gérard hakunifuata. Nilipochungulia, alikuwa ameketi kwenye kiti kando yake, anakula mkate wake wa jibini.

"Ikipiga kelele, iko muzima," alinipigia ukelele. "Ikinyamaza, ndio uogope."

Nikarudi ndani. Akaniuliza kama najua kuogelea. Nikamwambia sijui, na sikuwa na mpango wa kujifunza. Alifurahi sana. Alisema wasaidizi wake wote wa zamani walianza kwa kujaza mitungi, baadaye wakataka kuivaa, na Jumapili anabaki peke yake na mashine. Kwa hiyo niwaambie wazi: kazi yangu yote nimewajazia watu hewa ya kwenda chini ya ardhi, na mimi mwenyewe sijapata kuweka uso wangu ndani ya maji yanayozidi ya beseni.

Mambo ya mashine mnayajua, lakini nayarudia. Jaza polepole. Mtungi ukijazwa haraka hupata joto, na joto hudanganya geji: unaona umejaa, ukipoa unakuta umepungua. Weka kiganja chako juu yake, ukisikia unalalamika, punguza. Kabla ya kuufunga, fungua vali kidogo unuse. Hewa nzuri haina harufu yoyote. Ikinukia mafuta, ikinukia moshi, ikinukia hata maua, usimpe mtu. Na kila asubuhi tokeni nje mtazame bomba linalovuta hewa, kwa sababu jirani wa gari la mikate bado anapenda kuegesha chini yake na kuacha injini ikiunguruma. Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa ukali, mwishowe nilianza kununua mikate yake. Tangu hapo anaegesha mbali kidogo.

Mapango yenyewe Gérard alinieleza kwa chipsi. Alininunulia pakiti kwenye kibanda cha kona, akazigawa mafungu matatu juu ya karatasi yangu, halafu na zake vilevile.

"Ona. Hii ya kuingilia. Hii ya kutokea. Hii ya tatu haiko yako."

"Ya nani?"

"Ya mwenzako, siku ile yake itakwisha."

Alikula zake zote akiwa anaeleza. Baharini, alisema, mtu akiogopa anapanda juu. Pangoni juu ni jiwe. Unatoka kwa njia uliyoingilia, hakuna nyingine, na njia hiyo ni kamba nyeupe nyembamba ambayo umeifunga mwenyewe tangu mlangoni. Ukigusa tope la chini kwa mguu, maji yanakuwa kama chai ya maziwa, tochi yako inakuangazia pua tu, na unabaki na kamba kwenye vidole. Kwa hiyo theluthi ya kwanza ya hewa ikiisha, mnageuka. Hata kama mbele kunapendeza. Hasa kama mbele kunapendeza. Kisha akanyoosha mkono akachukua fungu langu la tatu.

"Papa, hizo zangu."

"Alors? Mimi si mwenzako?"

Kulikuwa na sheria nyingine, iliyo kubwa kuliko zote, na iko ukutani penu mpaka leo ndani ya fremu: mtu yeyote anaweza kusimamisha safari, wakati wowote, bila kutoa sababu. Anaonyesha dole gumba juu, na wote wanageuka. Hakuna anayeuliza. Kwa miaka ya mwanzo niliipenda sana sheria hiyo. Nilikotoka sikuwahi kuona mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuogopa kwa maandishi.

Ninyi mmekuja klabu ikiwa na mabango ya usalama kila upande, mkadhani ni hivyo tangu zamani. Hapana, yaliongezeka kidogo kidogo. Kila baada ya tukio, hata dogo, kamati ilikutana, ikanywa kahawa, ikatoa bango. Mtu alibanwa kidole na lango, tukapata bango la vidole, kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi. Rafu ya vijitabu vya tahadhari ilikuwa nzito hata haikupata mahali isipokuwa mbele ya mlango wa dharura, nayo ilikaa pale mpaka mkaguzi wa zimamoto alipokuja. Alisifu vijitabu. Mlango alishindwa kuufikia.

Alikuwepo pia mwanachama mmoja anayefanya kazi ofisi zile zile za Schuman, mtu mpole mwenye miwani, kazi yake ikiwa ni kanuni za vyombo vya presha. Siku moja aliniletea mtungi uliopitwa na muda wa ukaguzi. Nikamwambia siwezi kuujaza. Akafurahi kweli kweli. Akanipiga picha nimesimama kando ya mtungi, akasema atanionyesha kwa wenzake kama mfano wa utendaji mzuri. Halafu akaweka simu mfukoni, akasema, "Sasa, Madame, kwa leo tu?"

Lakini haya ni ya kuchekesha. Ninalotaka mlijue ni kofia.

Aliyeileta ni Karel, rais wetu. Mnamjua: yule mkubwa mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, anayenibebea mitungi miwili miwili bila kuombwa. Karel ni mtu mwema. Angekuwa mtu mbaya, tungemsikiliza kwa uangalifu zaidi. Ilikuwa majira ya baridi, wapiga mbizi wawili walikuwa wametoka pangoni wakigombana nani kati yao alionyesha dole gumba kwanza, kila mmoja akisema ni mwenzake. Kwa Kifaransa mtu mwoga huitwa kuku aliyelowa, na wao walikuwa wamelowa kweli. Jumapili iliyofuata Karel akaja na kofia ya sufu ya manjano, yenye mdomo wa kuku mbele na upanga mwekundu wa jogoo juu. Tangu siku hiyo, anayegeuza safari kwanza alivaa kofia ile kwenye baa ya klabu jioni nzima, na kuwanunulia wenzake bia. Kisha kofia ilirudishwa kwenye msumari. Na msumari, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine ukutani kwa sababu ya mabango, ulikuwa chini kabisa ya fremu ya ile sheria.

Kwetu kuku akiona mawingu hukimbilia bandani, na hakuna anayemcheka. Nilimwambia Karel hivyo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ni mzaha, Madame! Mzaha wa kifamilia!"

Na ulikuwa mzaha wa kifamilia. Hakuna aliyenuna. Kila wawili walipotoka majini, swali la kwanza kutoka ukingoni lilikuwa "Nani kageuza?" na wote wawili wanajibu pamoja, "Yeye!" Watu walilichekea swali hilo miaka yote. Mimi niliyabaini mambo kwenye mitungi. Zamani ilirudi na hewa nyingi, ikiwa mizito kidogo ukiinyanyua. Polepole ikaanza kurudi myepesi.

Gérard ndiye aliyeivaa kofia kuliko wote. Hakuona aibu. Alikuwa akigeuza kwa sababu ya baridi, kwa sababu ya tochi inayopepesa, mara moja kwa sababu, alisema, ukuta haukumpendeza. Akishavaa kofia alikunywa bia yake taratibu, ule mdomo wa kuku umesimama juu ya paji la uso wake, akajadili bei ya vichujio kama waziri. Vijana wapya walimpenda. Binti yake Élise, ambaye naye ni mpiga mbizi na ndiye aliyerithi ukimya wa mama yake, alikuwa akimvua kofia mwisho wa jioni na kumbusu penye upara.

Alipotimiza miaka sitini na mitano walimfanyia sherehe pale baa. Karel akasimama na zawadi. Ilikuwa ile ile kofia, imeshonwa jina mbele kwa uzi mwekundu: GÉRARD. Wakaimba. Gérard alicheka kuliko wote, na mkewe Monique akapiga picha.

Jumatatu yake tulikuwa wawili kwenye kompresa. Alikuwa anafuta kwa kitambaa geji ambayo haikuwa na vumbi.

"Bon, Maman Faida. Sasa kofia iko na jina yangu."

"Nimeona, Papa."

"Nikigeuza tena, haitakuwa mchezo. Watasema, mwenye kofia amefika."

"Waseme. Na usipogeuza?"

"Basi itabaki ku musumari, na mimi nitakuwa kijana."

Alisema kwa kucheka. Alikuwa na tabia hiyo, mambo ya kweli aliyasema kwa kucheka na ya uongo kwa uso mkavu. Tangu siku hiyo hakuvaa kofia tena. Klabuni walisema Gérard amefufuka, Gérard amerudi ujanani. Nami nikainyanyua mitungi yake Jumatatu baada ya Jumatatu, nikamwambia, "Papa, fungu la mwenzako umeanza kulila." Akasema anazeeka, anapumua sana. Nikamwambia mara ya pili. Akaniletea chipsi.

Siku ile ya Novemba aliingia na Karel. Huko ndani, baada ya mkunjo wa pili, pana mahali pazuri, nimeambiwa. Dari linapanda na maji yanakuwa samawati ukiyamulika. Walikwenda mpaka huko. Wakati wa kurudi tope lilinyanyuka wasione kitu, wakashika kamba, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaenda polepole kama vipofu. Karel alitoka. Alipogeuka, kamba ilikuwa imelegea. Alirudi ndani na hewa kidogo aliyobaki nayo, akatolewa na wenzake kwa nguvu. Kesho yake wazimamoto wakamtoa Gérard.

Nilifanya jambo ninalolijua. Nilikwenda kwa Monique nikaketi. Hapa watu hutuma kadi yenye ua la kijivu, na ni vizuri, kadi haisumbui. Monique alifungua mlango, akaniuliza kama kuna kitu nilichosahau kwao. Nikamwambia hapana, nimekuja kuketi. Akanipa kahawa, akaketi upande wa pili, tukatazama bustani. Siku ya pili hakuuliza kitu. Siku ya tatu mlango ulikuwa wazi. Élise alipita akitoka kazini, akavua viatu, akaketi chini kati yetu.

Wakati huo polisi walikuwa wamefunga kompresa. Katika ajali ya namna hii hewa ndiyo hushukiwa kwanza, na hewa ilikuwa yangu. Walichukua mitungi yake, wakachukua mafuta, vichujio, hata mfuko wa hewa ya gereji. Sikulala vizuri. Nilijua ilikuwa safi, lakini kujua ni kitu kimoja na kuandikiwa ni kingine. Majibu yalipokuja yalisema hewa haina kasoro. Wanachama wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine. "Hongera, Madame!" Nikawashukuru. Sikujua nifanye nini kingine na pongezi hiyo.

Ripoti yenyewe ilisema: giza la tope, na akiba ndogo ya hewa. Saa yake ya kuzamia ilionyesha kwamba alipita theluthi yake kwa mbali kabla ya kugeuka. Karel aliulizwa. Alijibu kama mtu anayesoma jina lake mwenyewe kwenye kaburi: alimtazama Gérard mara tatu, na mara tatu Gérard akamwonyesha kwamba yuko sawa.

Kamati ikakutana. Mimi niliitwa kwa ajili ya suala la hewa, na lilipokwisha hakuna aliyeniambia niondoke, nikabaki. Iliamuliwa kwamba jambo hili lisirudi tena, na ili lisirudi litengenezwe bango. Safari hii la chuma, kwa sababu ya maji. Walijadili maneno kwa muda mfupi: USIPITE HAPA BILA AKIBA YA HEWA. Walijadili lugha kwa muda mrefu. Kifaransa kianze, au Kiholanzi? Wakasema viwe sambamba. Mtu akakumbusha Kijerumani, ambacho nacho ni lugha ya nchi. Mtu mwingine akasema wengi wanaokuja pale ni wageni, kiwekwe na Kiingereza. Kibao kikawa kikubwa. Halafu ikapigiwa kura kiwekwe mahali penyewe pa ajali.

"Nani atakipeleka?" aliuliza katibu.

Ni hapo tu ndipo watu walipoanza kuona kwamba ili kumzuia mtu asifike pale, lazima mtu afike pale.

"Mimi," alisema Élise.

"Na mimi," alisema Karel.

Nilinyoosha mkono. "Na kofia?"

Wakanitazama. Katibu akasema kwa upole, akiwa ameweka mkono kifuani, kwamba kofia ilikwisha kuondolewa kwa heshima ya marehemu. Ipo kwenye droo.

"Mpaka lini?"

"Mpaka msiba upite, Madame."

Ikaandikwa hivyo kwenye muhtasari.

Ijumaa kabla ya safari hiyo, mwezi wa nne mwaka huu, Élise alikuja kuchukua mitungi. Nilikuwa naijaza taratibu kuliko ilivyopasa. Alisimama akaangalia ule msumari mtupu chini ya fremu.

"Maman, wewe husemi uongo. Baba aliiogopa ile kofia?"

Nikazima kompresa. Nikamwambia yote aliyoniambia ile Jumatatu, kwa maneno yake mwenyewe, na jinsi alivyofuta geji isiyo na vumbi. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Alishika mtungi, akaupima uzito mkononi.

"Kesho nitafika pale," akasema. "Lazima nifike. Kwa ajili yake."

"Yeye alifika," nikamwambia. "Ndiyo shida yenyewe."

Alibeba mitungi kwenye gari lake. Nilibaki nimeshika mpira wa kompresa, nikijiuliza kama nimemsaidia au nimempa uzito mwingine wa kushuka nao, maana kibao peke yake kilikuwa kinatosha.

Kwa kawaida sikwenda mapangoni. Safari hii nikapanda kwenye gari la klabu, nimekaa mbele, mitungi nyuma. Mvua ilikuwa inanyesha tangu tunatoka Brussels. Monique alikuja na gari lake, akaliegesha juu barabarani likiwa limegeuza mgongo kwa maji, na hakutoka. Ukingoni tulikuwa kama kumi na wawili, na kahawa kwenye chupa. Mahali penyewe ni padogo. Nilikuwa nimeliogopa pango hilo miezi yote nikiliwaza kama kinywa, kumbe ni kidimbwi chini ya mwamba, kama mahali pa kuoshea magari.

Katibu akasoma hotuba fupi juu ya usalama. Akiwa katikati, yule bwana wa miwani wa kanuni za presha akateleza kwenye jiwe lenye mwani wa kijani na kuteguka kifundo. Hotuba ikasimama, akafungwa bendeji, hotuba ikaendelea.

Karel na Élise wakakaguana vifaa. Tochi, kamba, vinywa vya kupumulia, geji. Kibao kilikuwa kwenye wavu, Élise akiwa amekifunga kiunoni, kinamvuta upande mmoja. Karel alikuwa hajapaza sauti tangu asubuhi. Walizama. Taa zao zilionekana kidogo chini ya mwamba, halafu hazikuonekana.

Patient, wewe unapenda kuniuliza kama wanaobaki ukingoni huona mapovu. Kwenye pango huoni hata povu. Yanakwama juu ya dari, huko ndani. Unaona maji yametulia tu, mvua inayatoboa. Watu walizungumza habari za msongamano wa magari, na hali ya hewa, na bei ya vyumba. Mimi nikayatazama maji.

Kisha nikaona taa. Ilikuwa mapema mno. Kahawa yangu ilikuwa bado moto. Na ilikuwa moja.

Mazungumzo yakakatika. Nilisikia mlango wa gari unafunguka juu barabarani, sijui Monique aliona nini kutoka kule. Taa moja ikaja, ikatetemeka, ikakua, na nyuma yake, chini zaidi, ikatokea ya pili. Kichwa cha Élise kikatoka kwanza. Cha Karel kikafuata.

Mmoja wa wale waliosimama ukingoni, kwa mazoea tu, kabla hajajizuia, akauliza: "Nani kageuza?"

Alifunika mdomo wake mara moja. Wengine wakatazama viatu.

Élise akatoa kinywa cha kupumulia.

"Mimi."

"Hapana," alisema Karel. "Mimi."

"Mimi nilionyesha dole kabla ya mkunjo."

"Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshaonyesha. Hukuniona."

"Hukuonyesha, Karel. Ulikuwa umeshika kamba kwa mikono yote miwili."

"Nilionyesha!"

"Ulionyesha baada yangu!"

Sauti zao zikarudi kutoka kwenye mwamba. Waligombana hivyo, maji yakiwa kifuani, mwanamke amejaa tope mpaka kwenye nyusi na mwanamume mkubwa akimnyooshea dole gumba kumwonyesha jinsi alivyofanya, na hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Karel akaacha. Akachota maji kwa viganja, akanawa uso uliokuwa umelowa tayari, akanawa tena.

"Basi tulionyesha pamoja," alisema Élise.

"Na kibao kiko wapi?" aliuliza katibu, ambaye ni mtu wa utaratibu.

"Kabla ya mkunjo wa kwanza. Nimekifunga pale tulipogeuka."

"Lakini pale hakuna kilichotokea."

"Ndiyo," alisema Élise.

Katibu akafikiri, akasema basi itabidi muhtasari ubadilishwe. Akatafuta kalamu, mvua ikamlowesha karatasi.

Monique alikuwa ameshuka. Alipita katikati yetu bila mwavuli, na viatu vyake vya mjini, akaingia majini mpaka magotini. Alimgeuza binti yake kama anavyogeuzwa mtoto anayevuliwa koti, akatafuta mikanda, ya kwanza ikamshinda, Karel akamwonyesha pa kubana. Akamfungua mtungi mmoja, halafu wa pili, akaninyooshea. Nikaipokea, ikiwa bado mizito.